Twiga wa Getnet na Washenga wa Mahlet

Kufikia saa tatu asubuhi Asnakech alikwisha kumficha twiga. Aliyebaki kufichwa ni mwanawe.

Twiga hakuwa na shida. Asnakech alimkunja shingo, akamtia ndani ya gunia lililokuwa la vitunguu, akamfuatishia kiboko, bata na wenzao kumi na mmoja, kisha akalishusha gunia mpaka kwa Bibi Truye wa ghorofa ya pili. Bibi Truye, ambaye husikia nusu ya analoambiwa na nusu nyingine hujitungia, alidhani ni nafaka, akauliza kama imekwisha kupepetwa. Asnakech alimwambia isiguswe tu.

Mwana alikuwa shughuli nyingine. Getnet alikuwa na miaka thelathini na nane na urefu wa kumlazimisha kuinama kwenye mlango wa jikoni. Mshahara wake wa posta, alikopanga barua kwa miaka kumi na sita bila kukosea mtaa, ndio uliolipa nusu ya kodi ya nyumba. Asubuhi ile alikuwa ameketi kitandani na nguo zake za kulalia zenye nyota, akiitazama rafu tupu.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza.

"Kwa Bibi Truye. Kwa leo tu."

"Bwana Shenkute hajawahi kulala kwa Bibi Truye."

"Hatalala huko. Atarudi jioni."

"Umemwambia?"

Asnakech, mwanamke aliyeogopwa na wauza kuku wa soko zima, alijikuta akijibu kwamba ndiyo, amemwambia, na hakuwa na neno.

Shenkute ndilo jina la twiga, na hilo "Bwana" halikuachwa hata siku moja. Getnet alisema twiga huyo ana miaka thelathini na moja, na mtu wa umri huo haitwi kwa jina tupu. Kiboko aliitwa Katibu. Bata wa mpira, wa manjano, aliyelia akiminywa, aliitwa Bibi Aster.

Jambo lenyewe lilikuwa la heri. Saa nane mchana washenga walikuwa wanakuja kumposa Mahlet, mdogo wake Getnet, kwa niaba ya mhandisi wa barabara aitwaye Robel. Robel mwenyewe hakuwa na tatizo. Mara mbili alikuwa amekunywa chai pale nyumbani, Bibi Aster akiwa mezani na kikombe chake, na mara ya pili Robel ndiye aliyekumbuka kummiminia. Tatizo lilikuwa baba yake mkubwa, Kanali mstaafu Demissie, ndiye mkuu wa washenga. Ilisemwa kwamba Kanali aliwahi kuvunja posa ya kijana mwingine wa ukoo kwa sababu nyumba ya binti ilikuwa na saa mbili za ukutani zilizopishana dakika nne.

Mahlet alikuwa amepinga tangu Ijumaa. Alisema ukoo usioweza kumvumilia twiga wa kitambaa hautaki. Mama yake alimjibu kwamba ukoo mgeni hauonyeshwi vyumba vyote siku ya kwanza. Baba yao, mzee Lemma, aliyechora ramani za serikali mpaka alipostaafu, alisema yeye yuko upande wa wote wawili, kisha akaenda kuipiga pasi suruali iliyokwisha kupigwa pasi.

Si kwamba Asnakech hakujua. Miaka mitano nyuma daktari alikuwa amewaeleza kwamba Getnet ana usonji, kwamba alizaliwa nao na atazeeka nao, na kwamba vile vitu vyake vya kitoto si deko wala upungufu wa akili, bali ndivyo vinavyomtuliza dunia inapomzidia kelele. Asnakech aliikunja karatasi ya daktari mara nne, akaiweka ndani ya kitabu cha sala. Aliielewa vizuri. Ila majirani hawakuwa wameisoma, wala Kanali.

Akamwambia Getnet aende kwa mama yake mdogo, Wubit, kule Saris, akae mpaka saa kumi.

"Nikamwambie nimefuata nini?"

"Mwambie umemkumbuka."

"Sijamkumbuka. Nilimwona Jumanne."

"Basi umekwenda kumsalimia."

"Salamu ni dakika moja. Saa zinazobaki nitafanya nini?"

Asnakech akaketi kando yake na kusema kweli kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye soksi za mwanawe, ambazo zilikuwa na vichwa vya mbwa. Alisema washenga wakimwona mtu mzima na midoli watafikiri vibaya, na atakayeumia ni Mahlet.

"Watafikiri nini?"

"Kwamba wewe ni mtoto."

"Nitawaonyesha kitambulisho."

Mwishowe alikubali, kwa ajili ya Mahlet na si kwa sababu hoja ilimwingia. Alivaa shati na suruali ya kazini. Soksi alikataa kuzivua, na mama yake hakutaka vita ya pili.

Saa tano hivi mlango uligongwa. Mama mdogo Wubit akaingia akihema, amekumbatia sufuria kubwa, maana ndiye bingwa wa mchuzi wa kuku katika ukoo wao na alikuwa amealikwa kupika tangu Jumatano. Alivua viatu, akajifunga kitambaa kichwani, akauliza Getu yuko wapi.

"Nimemtuma kwako," alisema Asnakech.

"Kwangu kuna nani?"

Dada wawili wakatazamana. Kwa haraka zake za kumwondoa mwanawe, Asnakech alikuwa amesahau kwamba mwenye nyumba ya Saris atakuwa hapa, akikaanga vitunguu vyake.

Mzee Lemma alivaa koti amfuate. Asnakech akamuuliza kama washenga watapokewa na koti. Mahlet alichukua mkoba. Akaambiwa binti hazururi barabarani siku ya posa yake. Wubit alisema ataenda yeye, lakini vitunguu vilikwisha kuanza kubadilika rangi, na vitunguu vya mchuzi ule haviachwi. Walimpigia simu, ingawa wote walijua kwamba Getnet hapokei simu za sauti. Husoma ujumbe tu. Basi hakwenda mtu. Asnakech alisema Getu ni mvumilivu, ataketi kizingitini. Wubit akaendelea kukwaruza sufuria kwa mwiko.

Kama saa saba Mahlet alijifungia bafuni na kumwandikia kaka yake: "Rudi, Kaka. Bwana Shenkute yuko kwa Bibi Truye. Kaa naye huko mpaka wageni waondoke."

Ujumbe ule ulimkuta Getnet ameketi mbele ya mlango wenye kufuli. Alikuwa amekwisha kuuambia mlango kwamba amekuja kusalimia, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoahidi.

Alifika jengoni kwetu saa nane na dakika kumi. Bibi Truye alimpa gunia lake, akamkaribisha kochini. Lakini runinga ya Bibi Truye huzungumza kwa sauti ya mtu asiyesikia. Siku ile ilikuwa ikitangaza sabuni, na tangazo likiisha linarudi lile lile. Ndani ya dakika mbili vidole vya Getnet vilianza kupepea vyenyewe na kuta zikaanza kumsogelea. Alishukuru, akabeba gunia, akashuka uani penye kuegeshwa magari. Akamtoa Bwana Shenkute, akamzungusha shingoni kama mtandio, akaketi juu ya tofali na kuanza kuitaja mitaa ya mji kwa mpangilio wa barua mpaka pumzi zake zikatulia. Sisi majirani tulimwona. Posa ya Mahlet haikuwa siri, na hakukuwa na dirisha lisilo na mtu.

Alipofika mtaa wa arobaini hivi ndipo alipoliona gari jeusi linalotoa mapovu.

Lilikuwa gari la Kanali, lililooshwa likang'aa. Vioo vyake vilikuwa vimeachwa wazi kwa upana wa kidole kimoja, na katika ule upenyo povu dogo la sabuni likajipenyeza, likaelea, likapasuka. Likafuata jingine. Getnet aliinuka akasogea. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameketi mama wa miaka sitini na kitu, kavaa gauni jeupe la sikukuu, nywele zimesukwa upya, mkononi kichupa cha maji ya sabuni na kijiti chenye tundu. Ndani ya gari mapovu yalikuwa yamejaa mpaka kwenye usukani.

"Makubwa hayapiti," alisema Getnet. "Upenyo ni mwembamba."

"Najua," alisema yule mama. "Makubwa yanabaki na mimi."

Alimtazama twiga, akauliza ni nani.

"Bwana Shenkute."

"Hajambo?"

"Alikuwa kwenye gunia."

"Mimi niko kwenye gari," alisema yule mama, kana kwamba wanajuana na Bwana Shenkute kwa njia hiyo. Jina lake lilikuwa Yeshi. Alisema ameambiwa asitoke mpaka posa iishe. Getnet akasema yeye naye ameambiwa asiingie mpaka posa iishe. Wakalifikiria jambo hilo kwa utulivu, kila mmoja upande wake wa kioo, na Yeshi akapuliza mapovu mengine matatu.

Kisha akasema anataka kwenda haja, na kwamba amekuwa akitaka tangu walipopita kituo cha mafuta.

Mlango wa gari haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulifungwa kwa neno la ndugu yake, na kwa miaka mingi neno hilo lilitosha. Getnet aliufungua. Walipanda mpaka kwa Bibi Truye, wakagonga, wakagonga tena, lakini sabuni ilikuwa ikitangazwa na hawakufunguliwa. Yeshi alisimama mguu mmoja juu ya mwingine. Getnet alikumbuka alichoahidi asubuhi, akakipima, na baadaye alitueleza alivyoamua: haja ni dharura, posa si dharura kwa sababu ilipangwa. Akamshika Yeshi mkono, wakapanda kwenda ghorofa ya nne.

Kule juu mambo yalikuwa yakienda kwa heshima zake. Washenga watatu walisimama mbele ya viti vyao, mashuka meupe mabegani: Kanali Demissie katikati, mnyoofu kama mlingoti, kulia kwake mzee Tefera, muuza nafaka, kushoto Mwalimu Wondimu, mstaafu mwenye magoti mabovu. Mila inataka washenga wasikae mpaka neno lao lisikilizwe, na mwenye nyumba awasihi wakae, na wao wakatae.

Kanali alikuwa amekwisha kukagua sebule. Saa ya ukutani ilikuwa moja tu. Lakini aliona picha ya kijana mrefu, akauliza ni nani.

"Ni mtoto wetu wa kwanza," alisema Asnakech. "Afisa wa posta. Amesafiri kikazi."

"Wapi?"

"Gondar," alisema Asnakech, na papo hapo mzee Lemma akasema, "Harar."

Kanali aliwatazama kwa zamu.

"Kwanza Gondar, kisha Harar," alisema mzee Lemma, aliyejua kuliko mtu yeyote mle ndani kwamba mji mmoja uko kaskazini na mwingine mashariki. Jikoni, Mahlet aliweka kichwa chake juu ya bega la mama mdogo Wubit.

Kanali aliamua kuliacha hilo. Alikohoa na kuanza maneno yake rasmi. Alisema wametoka mbali, mkono wao haukushika fimbo bali heshima. Mzee Lemma aliwasihi wakae. Kanali akainua kidevu.

"Magoti yetu hayatakunjwa," alisema, "wala hatutagusa kiti cha nyumba hii, mpaka neno letu lipokelewe."

Hapo mlango ukafunguka. Getnet aliingia na gunia mgongoni, twiga shingoni, amemshika mkono mama mwenye kichupa cha sabuni. Alimwonyesha choo. Alisubiri mpaka mlango wa choo ukafungwa, kisha akawasalimu wageni mmoja mmoja kwa kuinama, kama alivyofundishwa. Alikuwa amelisikia neno la Kanali tangu ngazini.

"Kwa kuwa hamkai," alisema, "naazima hiki. Mgeni wangu ni mtu mzima."

Akachukua kiti cha Kanali, chenye mto, akakipeleka karibu na mlango wa choo. Akarudi kupima kama mto mmoja unatosha, akachukua na mto wa Mwalimu Wondimu. Mwalimu, ambaye magoti yake yalikuwa yakiungoja mto ule tangu aingie, aliusindikiza kwa macho.

"Huyu ni nani?" aliuliza Kanali.

Asnakech alifumbua mdomo. Mwanawe akamjibia.

"Mimi ni Getnet. Mtoto wa kwanza."

"Hukusafiri?"

"Nilikwenda Saris. Mlango ulikuwa umefungwa."

Asnakech alitamani sakafu impokee. Aliona kila kitu kikivunjika pale pale: posa, jina la nyumba, gauni la Mahlet lililokwisha kupimwa. Kanali alikuwa akiinyoosha shuka yake begani kama mtu anayejiandaa kuaga. Mzee Tefera alirudi hatua moja nyuma, na kwa kuwa gunia alilolitua Getnet lilikuwa limelala ubavu na wakazi wake wameanza kutoka, alimkanyaga Bibi Aster.

Bibi Aster alilia, kwa sauti nyembamba, ndefu, iliyoanza juu na kuishia chini.

Mzee Tefera aliutazama mguu wake. Kisha, kama mtu anayetaka kuhakikisha, akakanyaga tena.

Kutoka chooni kikasikika kicheko. Maji yakamwagika, mlango ukafunguka, na Yeshi akatoka akijipangusa mikono kwenye gauni.

"Mamush," alisema, "sabuni yao inanukia ndimu."

Mamush ni jina wanaloitwa watoto wa kiume kabla hawajaota meno. Mle ndani hakukuwa na mtoto. Watu walitazamana mpaka macho yote yakaishia kwa Kanali, ambaye masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu kama pilipili ya Wubit.

"Ni jamaa wa mbali," alisema Kanali. "Hana afya njema."

"Tumbo moja," alisema Yeshi. "Mimi nilitoka kwanza." Akaketi kwenye kile kiti chenye mito miwili, akaridhika nacho.

Mzee Lemma aliuliza kwa upole mama huyu alikuwa wapi muda wote huu, mbona hakukaribishwa. Getnet ndiye aliyejibu, akimtazama mama yake, kwamba alikuwa kwenye gari, na dirisha la kidole kimoja.

Wanaomjua Asnakech wanajua alivyojisikia. Alikuwa na Kanali mkononi. Alikuwa na neno la kumwambia, zuri, lenye miiba, la kusimuliwa mtaani miaka kumi. Tayari lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ndipo alipomwona Bibi Aster sakafuni, ana ganda la kitunguu kichwani. Neno likarudi lilikotoka.

"Kwenye msiba wa mama nilikaa kwenye gari," alisema Yeshi. Hakulalamika, alisema kama mtu anayetaja vituo vya basi. "Kwenye harusi tatu. Ya mwisho mvua ilinyesha, ikawa nzuri."

Kanali alitafuta kiti chake kwa mkono, nyuma yake, akakikosa. Kulikuwa na kigoda kifupi cha kupikia kahawa kando ya jiko la makaa. Akakaa juu yake, magoti yakamfika kidevuni, kabla neno lake halijapokelewa na mtu. Mwalimu Wondimu alipoona mila imekwisha kuvunjika naye akakaa, akatoa pumzi ndefu.

"Niliogopa watu watasema," alisema Kanali.

"Watu gani?" aliuliza Asnakech.

"Ninyi."

Asnakech aliketi mkekani mbele yake. "Sisi tulikuwa tunawaogopa ninyi," alisema.

Mahlet alikuwa ametoka jikoni, jambo ambalo binti anayeposwa halifanyi, na alikuwa akiwaokota midoli mmoja mmoja na kuwapangusa maganda. Getnet alimsaidia. Alipomwokota Katibu alisema, bila kumtazama mtu, kwamba yeye hakuwa akimwogopa yeyote. Alikuwa akitaka kurudi nyumbani tu, na hakujua arudi vipi nyumbani kwenye rafu tupu.

Mama yake alimwomba msamaha pale pale, mbele ya wageni. Getnet alifikiri, akasema amepokea. Kisha akasema bado Bwana Shenkute.

"Getu," alisema Asnakech.

"Ulisema ulimwambia. Nimemuuliza. Hukumwambia."

Asnakech aliwatazama washenga. Mzee Tefera alikuwa akitazama dari. Mwalimu Wondimu alikuwa na uso wa mtu aliyesimamia mitihani mingi na anayejua kunyamaza. Yeshi peke yake ndiye aliyemtazama usoni, akisubiri, kijiti cha sabuni mkononi. Basi Asnakech, ambaye hakuwahi kumwomba radhi hata mkwewe, alijisogeza mkekani mpaka kwa mwanawe, akamshika twiga shingo yake iliyolegea, akamwambia kwamba amemkosea, kwamba gunia lilikuwa linanuka na yeye alijua linanuka, na kwamba hatarudia. Hakuna aliyecheka. Mama mdogo Wubit akaleta mchuzi.

Walikula sana siku ile. Yeshi alikataa mchuzi, akala tu mayai yaliyochemkia ndani yake, yaliyooshwa pilipili ikatoka, kwenye sahani ya plastiki yenye sungura aliyoazimwa na Getnet. Jibu la posa halikutolewa, kwa kuwa washenga hawapewi jibu siku ya kwanza hata wakikaa kwenye kigoda. Waliposhuka, Kanali alifungua mlango wa mbele wa gari, dada yake akaketi mbele, akateremsha kioo mpaka chini. Makubwa yakapita.

Baada ya wiki mbili walirudi, safari hii wanne. Yeshi alisimama mstarini pamoja na washenga, amebeba mkoba. Kanali alilisema neno lake upya tangu mwanzo, mzee Lemma akasema binti ni wao, na Wubit akapiga vigelegele kutoka jikoni kabla hajaruhusiwa. Kila mtu alijiandaa kukaa. Kanali akabaki amesimama.

Alisema wana ombi la pili. Dada yake angependa Getnet aje kwao kila Jumamosi. Alilisema kwa maneno yale yale ya heshima, ya kutoka mbali na mkono usioshika fimbo, na akamwelekea mzee Lemma kama ilivyo desturi.

"Hilo si langu," alisema mzee Lemma. "Mwenyewe yupo. Muulizeni."

Kanali aligeuka. Alikuwa amewahi kuongoza watu mia sita, na sasa alikuwa mbele ya mtu mwenye soksi za samaki na twiga magotini. Akarudia ombi lote, hakuruka hata neno moja.

Getnet alifikiri mpaka kahawa ikapoa.

"Jumamosi siwezi," alisema. "Jumamosi ndiyo siku ya kuwaogesha. Wanakauka mpaka saa kumi."

Asnakech alifumba macho. Zamani angeingilia, angesema mwanawe anatania, angesema atakuja. Alijishika mikono akanyamaza.

"Waogeshe kwangu," alisema Yeshi. "Nina kamba."

"Ina vibanio?"

"Arobaini."

"Vya plastiki?"

"Vya mbao."

"Vya mbao haviachi alama masikioni," alisema Getnet, akimweleza Kanali ili aelewe. "Nitakuja."

Jumamosi iliyofuata, waliopita mbele ya nyumba ya Kanali waliona kamba imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake midoli kumi na wanne wananing'inia kwa masikio, wasio na masikio kwa mikia. Getnet na Yeshi walikuwa wamepiga magoti kwenye beseni, povu mpaka viwikoni. Kanali mwenyewe, ndani ya koti na tai kwa kuwa hakuwa na nguo za kazi hiyo, alishika kopo la vibanio na kutoa kimoja kimoja kadiri alivyoamrishwa. Kapteni mmoja aliyewahi kuwa chini yake alipita njiani, akamwona, akasita, kisha kwa kukosa la kufanya akapiga saluti. Kanali alisimama wima akairudisha, kibanio mkononi. Yeshi akamwambia asichelewe, kiboko bado anachuruzika.